Mdogo wangu, bawa la kitambaa na ruhusa ya mama



Ndugu wasomaji, kazi ya katibu wa kamati ya msikiti huku kwetu Vihingo ni kuandika. Huandika mihutasari ya vikao, hesabu za sanduku la Ijumaa, barua za kuomba mabati, na mara nyingine wasia wa mzee aliyeona kwamba siku zake zimekaribia. Kwa kuwa Allah alinijaalia kusoma chuo cha Kiislamu, watu huniletea pia maswali ya dini, nami yale yanayonizidi kimo huyapeleka kwa masheikh. Swali ninalolisimulia leo halikuletwa na muumini yeyote wa msikitini. Lililetwa na mama yangu mzazi, naye alitaka jibu la ndiyo au hapana.

Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi Oman. Ni fundi wa viyoyozi, na huu ni mwaka wake wa sita. Mke wake na watoto wao wawili wanaishi hapa kijijini pamoja na mama. Fedha anayoituma kila mwisho wa mwezi ndiyo ada ya shule, ndiyo unga, ndiyo dawa za presha za mama. Jioni moja alipiga simu, akamwomba mama ruhusa ya kujifunza kuruka angani kwa parachuti yenye injini, mchezo ambao wenyewe wanauita paramota. Mama hakumjibu. Alinikabidhi simu, akaketi mkekani, akasema:

"Wewe ndiye uliyesoma. Niambie, mwanangu, jambo hili linafaa au halifai? Na kama linafaa, akianguka, hawa watalelewa na nani?"

Ndugu msomaji, swali la kwanza lina vitabu vyake. La pili lilikuwa limelala chumba cha pili, watoto wawili chini ya chandarua kimoja.

Chombo chenyewe

Wanazuoni wanatufundisha kwamba huwezi kulihukumu jambo kabla ya kulijua lilivyo. Kwa hiyo nilianza kwa kuuliza.

Paramota haina mabawa ya chuma. Ina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni bawa la kitambaa chepesi cha nailoni, lililoshonwa vyumba vyumba vilivyo wazi kwa mbele, ili upepo uingie, ulijaze, na ulipe umbo la bawa la ndege. Kutoka bawani zinashuka kamba nyingi nyembamba mpaka kwenye mikanda iliyomfunga mrukaji. Ya pili ni injini ndogo ya petroli, ya jamii ya ile ya msumeno wa kukatia miti, inayobebwa mgongoni kama mkoba. Nyuma ya injini kuna rafadha, yaani lile panga linalozunguka na kusukuma hewa, nalo limezungushiwa kizimba cha kuzuia mikono na kamba. Mzigo huo wa mgongoni huwa na uzito wa kilo 20 hadi 30.

Mrukaji husimama akiuelekea upepo, bawa limelazwa chini nyuma yake. Hukimbia hatua chache, bawa likapanda juu ya kichwa, akaongeza moto wa injini, na miguu ikaachana na ardhi. Huko juu huvuta kamba ya kushoto kugeuka kushoto, na ya kulia kugeuka kulia. Mwendo wake ni kama kilomita 40 kwa saa, sawa na bodaboda isiyo na haraka.

Mama nilimweleza kwa kumtajia tiara, ile wanayoirusha watoto wakati wa kaskazi. Neno lenyewe tumelirithi kutoka Kiarabu, ambako ndege ya kusafiria huitwa hivyo hivyo, tayyara. Nikamwambia, "Mama, hii ni tiara kubwa, ila mshika uzi naye amepanda."

Akanijibu hapo hapo, "Na uzi ukikatika?"

Lililomtuliza kidogo ni kujua kwamba injini ikizimika chombo hakidondoki kama embe. Bawa huendelea kuteleza hewani likishuka taratibu, na mrukaji hutua kama wanavyotua wale warukao bila injini tangu mwanzo. Mchezo huo wa bila injini ulianza kushika mizizi mwaka 1978 katika kijiji cha Mieussy, Ufaransa, ambako watu walikimbia na miavuli yao kwenye mteremko wa mlima badala ya kurukia kutoka ndani ya ndege. Injini ya mgongoni ilikuja katika miaka ya 1980, ikawafaa watu wa nchi tambarare zisizo na milima. Hata Afrika Mashariki mchezo huu si mgeni. Pale Iten, nchini Kenya, juu ya Bonde la Kerio, warukaji wasiotumia injini hukusanyika katika miezi ya kiangazi. Mpigapicha wa Marekani, George Steinmetz, alitumia chombo chenye injini kupiga picha za bara letu kutoka juu, akazikusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 2008.

Masharti manne

Sikutoa fatwa, na makala hii si fatwa. Nilisafiri kwenda kwa mmoja wa walimu wangu wa chuoni, nikamweleza jambo lote. Tulizungumza baina ya Adhuhuri na Alasiri.

Alinikumbusha kwamba michezo inayoimarisha mwili na moyo ina asili katika dini yetu. Mtume (SAW) aliruhusu mashindano ya farasi na ngamia, akahimiza kulenga shabaha, na alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (RA). Akanikumbusha pia upande wa pili. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Katika Sunan ya Abu Dawud kuna onyo kali kwa mtu anayelala juu ya paa lisilo na kizuizi cha kumkinga asianguke. Mwalimu akaniuliza, "Unaona onyo hilo lilivyo? Halikumkataza mtu kupanda juu. Limemtaka awe na kizuizi."

Kisha akazungumza juu ya haki za wengine. Yule aliyemwendea Mtume (SAW) akitaka kutoka kwenda jihadi aliulizwa kwanza kama wazazi wake wako hai, akaelekezwa awahudumie wao. Ikiwa hivyo ndivyo katika jambo tukufu kama lile, vipi katika mchezo?

Nilirudi Vihingo na karatasi. Tukaketi mama, mke wa mdogo wangu na mimi, naye mwenyewe akiwa kwenye simu, tukaandika masharti manne kama ninavyoandika muhtasari wa kikao.

La kwanza: hatajifunza ila kwa mwalimu anayejulikana na mwenye kibali, wala hatapunguza siku za mafunzo hata moja. La pili: fedha ya mchezo isitoke katika fedha ya nyumba, madeni yalipwe kwanza, matumizi ya miezi sita ya familia yawekwe pembeni, na wasia wake uandikwe na kushuhudiwa. Hili la wasia halikuwa la kutisha watoto, maana Mtume (SAW) amemtaka kila Mwislamu mwenye cha kuusia asilale bila wasia ulioandikwa. La tatu: hatapita juu ya bahari, kwa sababu aliyefungwa mikanda akiwa na injini mgongoni, maji humzamisha. La nne aliliongeza mama mwenyewe: likitokea baya lolote, kwake au kwa mwenziwe, ampigie yeye kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Mke wa mdogo wangu alikuwa kimya muda wote. Tulipomaliza akasema, "Shemeji, andika na hili: mimi nami niulizwe kila msimu unapoanza." Tukaliandika chini ya la nne. Tangu hapo nimemheshimu zaidi.

Uwandani

Mwezi wa Rajabu mwaka 1446, yaani Januari 2025, Allah alinijaalia kwenda Umra. Wakati wa kurudi nilipitia Muscat, nikakaa na mdogo wangu siku kumi. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa niliyaona kwa macho.

Wanafunzi walikuwa watano, na mahali penyewe palikuwa uwanda mpana wa mchanga na changarawe nje ya mji wa Barka. Mwalimu wao alikuwa Mwomani wa makamo aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Ratiba yao ilinifurahisha kwa namna nisiyoitarajia. Mchana jua likishaichemsha ardhi, hewa hupanda juu kwa mawimbi na kulitikisa bawa. Kwa hiyo mwanafunzi huruka asubuhi mapema au jioni jua linapopoa. Walikuwa wakiswali Alfajiri kwa jamaa pale uwandani, kisha wakitandika mabawa. Jioni walikuja baada ya Alasiri, na jua lisizame ila kila mtu yuko chini. Adhana ya Magharibi ilikuta bawa la mwisho limeshakunjwa. Ni mchezo gani mwingine unaopangika hivyo baina ya swala na swala?

Tena nilishangaa kuona kwamba katika majuma mawili ya mwanzo injini hazikushushwa hata garini. Kazi yote ilikuwa ni kulisimamisha bawa juu ya kichwa, miguu ikiwa chini. Upepo mdogo tu ukiliingia bawa la mita za mraba zaidi ya 20, humvuta mtu mzima kama ndama anavyomvuta mtoto aliyeshika kamba. Mdogo wangu aliburutwa mpaka magoti ya suruali yakatoboka. Mwenzake mmoja, mtu mnene mwenye heshima zake, aliketishwa chini mara tatu mfululizo, na mara ya tatu akabaki ameketi, akaomba aletewe chai pale pale. Tulicheka sote, naye akacheka zaidi yetu.

Mwalimu alikuwa akipita baina yao akisema, "Usishindane nalo, mwanangu. Litazame linataka kwenda wapi, kisha uende nalo." Mdogo wangu, ambaye tangu utoto ni mtu wa kulazimisha mambo kwa nguvu, alichukua siku nyingi kuliko wenzake kulielewa neno hilo. Alipolielewa, nilimwona akitembea uwandani na bawa juu yake limetulia kama kivuli cha mkorosho, mikono yake ikivuta kidogo huku na kulegeza kidogo kule. Nami nilipewa bawa, bila injini, nikalisimamisha kwa pumzi kama kumi hivi. Nguvu ile ya upepo mikononi ilinikumbusha Surat An-Nahl na Surat Al-Mulk, zinapotutaka tuwatazame ndege angani, ambao hakuna anayewashikilia huko ila Yeye. Aya hizo nimezisoma tangu madrasa. Siku ile nilizishika kwa viganja.

Siku ya saba ya kukaa kwangu, mwalimu alimwambia mdogo wangu avae injini. Kofia ngumu ilikuwa na redio ndani ili asikie maelekezo. Mara ya kwanza bawa lilipanda likaegemea kushoto, mwalimu akaamuru, "Zima!", akazima. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu upepo ukafa katikati ya mbio, akazima bila kuambiwa. Mara ya nne alikimbia hatua kumi na mbili, nilizihesabu, na ya kumi na tatu haikugusa chini.

Tulisikia takbiri yake juu ya mngurumo wa injini. Alizunguka uwanda mara mbili akiwa juu kama minara mitatu iliyopandana, akazima injini, akashuka kimya kimya, akatua kwa makalio. Alipofunguliwa mikanda alikuwa akilia na kucheka. "Kaka," aliniambia, "nilikiona kivuli changu kinatembea peke yake kule chini, kidogo, mfano wa mdudu. Nikajiambia, basi ndivyo nilivyo." Sikuwa na la kuongeza juu ya darsa hilo.

Habari mbaya

Baada ya mimi kurudi nyumbani mafunzo yaliendelea, na habari zilimfikia mama kwa sharti la nne.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi. Injini ilizimika hewani kwa sababu ya uchafu katika petroli. Mdogo wangu alishuka kama alivyofundishwa, akatua katika kitalu cha majani ya mifugo cha mzee mmoja, kando ya mitende. Majani yalilala mapana kama mkeka. Alimtafuta mwenyewe, akamwomba radhi, akatoa fedha ya fidia. Mzee akaikataa fedha, akamkalisha kwa kahawa na tende, akamuuliza kwao ni wapi. Aliposikia Tanzania akaita wajukuu zake waje wamwone mgeni aliyeshuka kutoka mbinguni bila mizigo.

Ya pili haikuwa na kicheko. Mmoja wa wanafunzi, kijana mdogo kuliko wote, aliwasha injini ikiwa imelazwa chini, hakuna aliyemshikia, na bila kuhakikisha kwamba kishikio cha mafuta kimerudi mwisho. Injini iliwaka kwa nguvu zake zote, ikarukia mbele, na rafadha ikamkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Watu wa mchezo huu wanajua kwamba ajali nyingi za namna hiyo hutokea chini, mtu akiwa hajaruka, wala hana habari ya kuogopa.

Usiku ule mdogo wangu alipiga simu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa karibu, nikadhani sasa ruhusa imekwisha. Mama aliuliza jambo moja kwanza: "Huyo kijana mama yake yuko hai?" Akaambiwa yuko hai. Akasema, "Mpigieni mama yake, msimwachie hospitali." Kisha akauliza la pili: "Na wewe, unapoiwasha yako, nani anakushikia?"

Mdogo wangu akamweleza: kuna mtu wa kushika kizimba kila mara, kishikio cha mafuta hukaguliwa kwa macho na kwa mkono, na hakuna kuwasha kabla ya kutamka kwa sauti maneno ya ukaguzi. Baada ya ajali ile mwalimu alisimamisha mafunzo juma zima, wakarudia ukaguzi huo kama watoto wanaokariri Juzuu Amma.

Mama hakuitoa tena ruhusa yake usiku ule, wala hakuiondoa. Alisema, "Nitafikiri." Alifikiri kwa mwezi mmoja na nusu, na mdogo wangu katika muda wote huo hakuvaa injini.

Waliotutangulia

Katika mwezi huo nilikumbuka visa viwili tulivyosomeshwa chuoni, vya watu wa umma huu waliotamani kuruka kabla ya injini kubuniwa.

Wa kwanza ni Abbas ibn Firnas wa Cordoba, Andalusia, aliyefariki mwaka 887. Alikuwa mshairi, mjuzi wa nyota na wa vioo. Mwanahistoria Al-Maqqari, aliyeandika karne nyingi baadaye, anasimulia kwamba alijivika manyoya, akajitengenezea mabawa, akaruka na kwenda umbali fulani, kisha akaumia mgongo wakati wa kutua. Sababu inayotajwa ni kwamba hakujitengenezea mkia, naye ndege hutua kwa msaada wa mkia wake.

Wa pili ni Al-Jawhari, yule mwanachuoni wa lugha aliyetuachia kamusi mashuhuri ya As-Sihah, ambayo wanafunzi wa Kiarabu wanaitumia mpaka leo. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya kumi na moja, mjini Nishapur, alijifunga mabawa ya mbao, akapanda juu ya paa la msikiti, akaruka, akafa.

Elimu ya wote wawili haina shaka. Mmoja alifikiria kupanda asifikirie kushuka. Mwingine alikuwa na maneno yote ya Kiarabu kifuani, ila hapakuwa na mtu chini wa kumwambia "Zima!"

Nilikumbuka pia habari ya hapa kwetu Tanzania. Mwezi Februari mwaka 2013, kundi kubwa la warukaji kutoka nchi nyingi lilipanda Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, wakikusudia kuruka kwa mabawa ya kitambaa kutoka kileleni na kuchangisha fedha za hisani. Walisafiri kutoka mbali, wakabeba mizigo siku kadhaa. Hali ya hewa ikawazuia walio wengi, wakakunja mabawa yao na kushuka kwa miguu kama walivyopanda. Nilimsimulia mama kisa hicho tukichambua mbaazi. Akauliza, "Walitoka Ulaya, wakapanda mpaka juu, wakarudi kwa miguu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hao walilelewa."

Siku ambayo hakuruka

Mwishoni mwa msimu, kabla joto la Oman halijakuwa kali, mwalimu aliwaalika wanafunzi wake kwa siku ya mwisho uwandani. Mdogo wangu alimwomba mama ruhusa ya siku hiyo moja, mama akampa. Aliomba likizo kazini, akaendesha gari tangu kabla ya Alfajiri, na injini yake ilikuwa imetoka kufanyiwa matengenezo. Marafiki wawili walikwenda kumtazama kwa mara ya kwanza.

Asubuhi ile upepo ulikuwa ukipanda na kushuka. Kipimo cha mwalimu kwa wanafunzi ni kilomita 15 kwa saa. Kilisoma 12, kisha 16, kisha 13. Mwalimu aliwaambia wachague wenyewe, yeye yuko tayari kuwasimamia wakati kipimo kiko chini. Wenzake watatu waliruka, wakatua salama. Mdogo wangu alitandika bawa, akavaa mikanda, akasimama akiutazama utepe ulioonyesha upepo. Halafu akavua mikanda, akakunja bawa, akamtafuta mwalimu na kumwambia, "Leo moyo wangu haukutulia." Mwalimu alimpa mkono, akasema, "Leo ndiyo umehitimu."

Marafiki walimtania njia nzima. Usiku alimpigia mama na kumweleza, kwa sauti ya mtu aliyepoteza siku na petroli. Mama akaniita nisikilize. Akamwambia hivi: "Mwanangu, siku zote ulizoniambia umeruka nilisema alhamdulillah kwa mdomo, moyo ukitetemeka. Leo uliyoniambia hukuruka ndiyo siku nimekupa ruhusa."

Ndugu msomaji, nilikaa na maneno hayo. Tumezoea kumtaja yule Bedui aliyeelekezwa amfunge ngamia wake kisha ndipo amtegemee Mola wake, na mara nyingi tunalitaja kwa haraka, kama kwamba kufunga kamba ni jambo la mara moja. Mdogo wangu amenifundisha kwamba kamba hufungwa kila asubuhi upya, na kwamba kuna asubuhi ambazo kumfunga ngamia maana yake ni kubaki nyumbani naye. Aliyeweza kukunja bawa mbele ya wanaomtazama, huyo ndiye mama anaweza kumwamini pamoja na wajukuu zake.

Wazee wenzangu wa familia, vijana wetu huku Vihingo hawaombi ruhusa ya paramota. Wanaomba ruhusa ya kuendesha bodaboda usiku, ya kwenda kuchimba madini, ya kuvuka kwenda Ughaibuni kwa viza ya mtu wasiyemjua. Mara nyingi tunawajibu kwa neno moja. Tukisema hapana, wanakwenda kwa siri. Tukisema ndiyo, tunawaachia waende na hatari peke yao. Baina ya maneno hayo mawili pana karatasi. Kaeni, mama awepo, mke awepo, muandike: mwalimu ni nani, fedha inatoka wapi, wasia uko wapi, mipaka ni ipi, na habari mbaya itamfikia nani kwanza. Kijana asiyekubali kukaa katika kikao hicho ameshajibu swali lake mwenyewe. Anayekubali amekwisha kuanza kujifunza.

Msimu mpya ulipoanza, mke wa mdogo wangu aliulizwa, kama ilivyoandikwa. Alitaka siku mbili za kufikiri, akazipata, akakubali. Mama naye ameweka desturi yake. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa simu ikilia kutoka Oman, baada ya salamu na habari za watoto, hamuulizi ameruka mara ngapi. Humuuliza, "Wiki hii umeghairi mara ngapi?" Akiambiwa mara moja au mbili, huomba dua, akalala.